Gundi ya Kutengenezea Fimbo ya Mwanzi: Soma Dalili Kabla ya Kufungua Chupa

Mtu akiwa na fimbo ya mwanzi ya kuvulia samaki iliyoharibika, swali lake la kwanza huwa lilelile: gundi ipi ni kali zaidi? Kwa maoni yangu swali hilo limeharibu fimbo nyingi kuliko mawe ya mtoni na milango ya magari. Fimbo ya kuvulia kwa nzi bandia ina viungo vya aina nne au tano, na kila kiungo kinataka gundi yenye tabia yake. Kuna mahali unataka gundi isiyosogea hata unywele kwa miaka hamsini. Kuna mahali unataka gundi ambayo mwakani utaipasha moto kidogo na kuivua bila kuumiza chochote. Ukitia ile kali kila mahali, umemfungia mlango fundi atakayekuja baada yako, na huenda fundi huyo ni wewe mwenyewe.

Kwa asiyeijua fimbo hii kwa ndani, hiki si kipande kizima cha mwanzi. Mwanzi, mara nyingi ule wa Tonkin unaomea kusini mwa China, hupasuliwa kisha hurandwa kuwa papi ndefu nyembamba zenye umbo la pembetatu, kila pembe digrii 60. Papi sita zikibandikwa pamoja unapata fimbo ya pande sita, isiyo na uwazi ndani. Nguvu yake iko kwenye nyuzinyuzi za nje, karibu na ganda. Kati ya upapi na upapi kuna mstari wa gundi mwembamba kuliko karatasi, unaotoka mpinini hadi nchani. Fimbo ikipinda, papi zinataka kuteleza, kila moja iende zake; gundi ndiyo inayozizuia. Kwa hiyo gundi ikiachia sentimita tano tu, fimbo haivunjiki siku hiyohiyo, ila sehemu hiyo inalegea na kupinda kuliko jirani zake. Samaki mzito wa tatu au wa nne ndiye atakayemalizia kazi.

Tafuta ilipoachia

Vua rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, pamoja na mshipi wenyewe. Shika mpini na uitikise fimbo polepole karibu na sikio, mahali pasipo kelele. Mlio mfupi mkavu, "tik", mara moja kila unapogeuza mkono, kwa kawaida unatoka kwenye feruli, yaani yale mabomba madogo ya madini yanayounganisha vipande vya fimbo. Mkwaruzo kama wa jani kavu unatoka kwenye papi zilizoachana. Kisha tenganisha vipande na utikise kimoja kimoja. Mlio ukipotea vipande vikiwa mbalimbali, shida iko kwenye namna feruli dume inavyokaa ndani ya jike, na hapo hakuna gundi duniani itakayokusaidia: ni madini yaliyolika, kazi ya fundi mwenye mashine ya kukereza.

Ukimaliza kusikiliza, tumia vidole. Weka kipande chini ya taa, minya kingo mbili zinazotazamana kwa vidole gumba, sogea sentimita moja, minya tena. Upapi ulioachia hufunguka na kujifunga kama mdomo wa samaki. Mstari mweusi kando ya ukingo, hasa pale uzi wa hariri uliozungushiwa fimbo unapoishia, maana yake maji yameshaingia. Weka alama kwa penseli mwanzo na mwisho wa ufa, halafu ongeza sentimita mbili kila upande, kwa sababu ufa daima ni mrefu kuliko unavyoonekana.

Dalili: "tik" kwenye feruli

Sababu kubwa ni gundi ya zamani kukauka na kuwa unga. Feruli nyingi za zamani zilishikizwa kwa vijiti vya utomvu vinavyoyeyuka kwa moto, na utomvu huo ukizeeka hupasuka kama peremende. Angalia mdomo wa feruli unapokutana na uzi: vanishi iliyopasuka kama pete kuzunguka bomba ni ushahidi wa kutosha.

Kabla ya kuwasha moto, tafuta kidoti kidogo ubavuni mwa feruli. Hicho ni kichwa cha pini nyembamba iliyopita katikati ya madini na mwanzi. Wengi huikosa kwa sababu imesuguliwa ikawa sawa na bomba, halafu wanavuta kwa nguvu hadi mwanzi unachanika. Itoe pini kwanza kwa msumari mwembamba uliokatwa ncha. Kisha zungushia kitambaa kibichi kwenye mwanzi ulio jirani, pasha madini peke yake juu ya mwali mdogo wa taa ya spiriti huku ukizungusha, sekunde chache kwa wakati, na vuta moja kwa moja. Usisokote. Kusokota kunahamisha nguvu yote kwenye mistari ya gundi ya papi, na utaamka na tatizo la pili kubwa kuliko la kwanza.

Kwa kurudishia, chaguo langu ni epoksi, gundi ya sehemu mbili (resini na kigumishi) zinazochanganywa, tena ya polepole, ile inayohitaji saa 24. Ya dakika tano inapendwa kwa haraka yake, lakini ni dhaifu zaidi na haivumilii maji na joto kama ile ya polepole. Supaglu ndiyo mbaya kuliko zote hapa: ni ngumu lakini haina mnyumbuko, haijazi pengo, na feruli inapigwa mishtuko kila unaporusha mshipi. Wapo wanaoshikilia vijiti vya utomvu wa moto hadi leo, na siwalaumu, kwa sababu feruli inaweza kuvuliwa mahali popote penye kiberiti. Lakini epoksi ya kawaida nayo hulegea ikipashwa moto wa wastani, kwa hiyo hujapoteza njia ya kurudi.

Feruli nzuri ni aloi ya shaba, nikeli na zinki, na madini haya hujenga utando juu yake ambao gundi haiupendi. Kwaruza ndani kwa msasa wa gredi ya 120, futa kwa asetoni, tia gundi saa hiyohiyo. Asetoni isifike kwenye mwanzi, maana inakula vanishi kwa kufumba na kufumbua.

Sasa jambo moja ambalo limewasumbua watu wengi bila kujua chanzo. Unapaka epoksi, unasukuma feruli hadi mwisho, unaiweka mezani, unarudi asubuhi na kuikuta imejitoa milimita tatu na kugandia hapohapo. Ni hewa. Feruli iliyofungwa upande mmoja ni kama bomba la sindano: hewa uliyoibana ndani inasukuma taratibu usiku kucha. Kabla ya kupaka, chora mfereji mwembamba kwa ncha ya kisu kwenye mwanzi, kutoka kichwani hadi nje, ili hewa ipate pa kutokea. Kisha funga feruli kwa uzi unaopita juu ya kichwa chake na kurudi kwenye fimbo, uikaze isisogee.

Mwanzi ukiwa umepungua na feruli inacheza, usijaze pengo kwa gundi tupu. Zungushia uzi wa hariri kwenye mwanzi kwa nafasi, kama ngazi ya mzunguko, kisha epoksi ipite kati ya nyuzi. Uzi unaiweka feruli katikati, gundi inafanya kazi yake pembeni.

Dalili: papi zimeachana

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo kuijua gundi ya zamani kunapokuwa muhimu kuliko kuchagua mpya. Gundi mpya haishiki mwanzi kama katikati yao kuna mabaki ya gundi nyingine. Inashika mabaki hayo, na mabaki yenyewe ndiyo yaliyoachia.

Niliwahi kufungua uzi wa fimbo ya kale, rangi ya asali, na chini yake kulikuwa na vigamba vya kahawia, vinang'aa kama sukari iliyoungua. Nilikiweka kimoja kwenye kijiko, nikadondoshea tone la maji ya uvuguvugu. Baada ya dakika mbili kikawa laini; nilipokigusa kwa kidole na kuachia, uzi mwembamba ulivutika. Harufu ilikuwa ya ngozi iliyochemshwa. Hiyo ni gundi ya ngozi na mifupa, iliyotumika kwenye fimbo karibu zote za karne ya 19 na miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Ushahidi mwingine wa umri ni nyuzi za hariri zilizofungwa karibu karibu kwenye urefu wote wa fimbo, hata mahali pasipo na pete ya mshipi. Mafundi wa wakati huo walijua kwamba gundi yao inaogopa maji na joto, wakaweka uzi kama mkanda wa pili wa usalama. Gundi zilipoimarika, mikanda hiyo ikatoweka.

Mstari wa gundi wenye rangi ya zambarau iliyoiva au wekundu wa damu kavu ni gundi ya resosinoli. Hii haijali maji wala joto. Ikiwa imeachia, basi papi hazikubanwa vizuri tangu mwanzo au mwanzi wenyewe umechanika kando ya gundi. Mstari mweupe au wa rangi ya mchanga, mgumu kama kioo, usiolainika kwa maji wala kwa kisu cha moto, karibu hakika ni gundi ya yurea-fomaldehaidi. Wajenzi wa fimbo waliipenda sana, hasa ile iliyoitwa URAC 185, kwa sababu haisogei chini ya mzigo. Adui yake ni unyevu pamoja na joto kwa miaka mingi, na tena huwa inapasukapasuka pale mstari wake ulipokuwa mnene. Mabaki yakilainika chini ya kisu cha moto na kuwa kama mpira mgumu, ni epoksi ya fundi fulani aliyekutangulia. Yakilainika kwa siki ya uvuguvugu, ni gundi nyeupe ya seremala, na hapo umeshajua kwa nini fimbo iliachia.

Kwa nini gundi nyeupe ya seremala haifai? Kwenye kiti au meza ni gundi bora, hata ile isiyoogopa maji. Lakini ikibeba mzigo wa muda mrefu inasogea taratibu, kama matope yaliyo karibu kukauka. Fimbo ya mwanzi hubeba mzigo kila inapopinda, na jua linapoipasha gundi hiyo inasogea zaidi. Utaona fimbo imebaki imepinda baada ya samaki, na ukitazama mwisho wa kipande utakuta papi hazikai tena sawasawa: moja imejitokeza, nyingine imerudi ndani.

Gundi ya poliurethani, ile inayovimba povu, inashika mwanzi vizuri kama papi zimegusana na zimebanwa. Kwenye ufa wa zamani wenye nafasi, kinachojaza pengo ni povu tu, na povu halina nguvu. Wala povu halijui mpaka: linatoka kila upande na kuinua uzi na vanishi.

Basi uchague ipi? Kwa fimbo ya gundi ya ngozi yenye thamani ya kale, ambayo ufa wake ni mfupi, rudisha gundi ileile ya ngozi. Ina sifa moja ambayo hakuna gundi ya kisasa inayoifikia: ikiwa moto na mbichi inayeyusha ile ya zamani na kuungana nayo, kwa hiyo huhitaji kukwangua hadi kwenye mwanzi. Loweka chembe zake kwenye maji baridi hadi zivimbe, kisha pasha chombo ndani ya chombo chenye maji, karibu nyuzi joto 60, isichemke. Ikichemka imekufa. Kazi iwe ya haraka, kwani dakika moja au mbili baada ya kupoa imeshaanza kuganda. Na vanishi ya juu iwe nzima kabisa, maana ndiyo mwavuli wake.

Kwa fimbo utakayoendelea kuvulia, na kwa mabaki ya aina nyingine yoyote, chukua epoksi ya polepole. Siisifu kwa ukali wake. Naichagua kwa sababu ufa wa kutengeneza hauna kuta safi zinazogusana kama papi mpya, na epoksi ndiyo pekee katika orodha hii inayovumilia nafasi na haidai kubanwa kwa nguvu. Resosinoli na yurea-fomaldehaidi ni gundi nzuri mno kwa kujenga fimbo mpya, papi zikiwa zimetoka kwenye randa. Ndani ya ufa mchafu usioweza kubanwa sawasawa, hazina nafasi. Nasema hivi nikijua wapo mafundi watakaobisha.

Kazi yenyewe haihitaji nguvu. Fungua ufa kwa kitu kisicho na makali, kwa mfano waya mwembamba wa gitaa, ukiupitisha toka mwanzo hadi mwisho ulioweka alama. Kata ukanda mwembamba wa msasa, uvute ndani ya ufa, upande wake mkali ukitazama upapi mmoja kisha wa pili, hadi unga unaotoka ubadilike kutoka kahawia ya gundi kuwa rangi ya nyasi kavu. Hiyo ni rangi ya mwanzi. Puliza vumbi. Acha fimbo chumba kikavu siku mbili tatu. Ikiwa ulitumia maji kutoa gundi ya ngozi, iache wiki nzima.

Siku ya kupaka, pasha sehemu hiyo kwa mashine ya kukaushia nywele hadi iwe vuguvugu mkononi, kisha zima. Mwanzi unapopoa, hewa iliyo ndani ya ufa inasinyaa na kuivuta epoksi ndani. Ukifanya kinyume, yaani ukapaka kwanza na kupasha baadaye, hewa inapanuka na kuisukuma nje kwa mapovu. Sukuma epoksi kwa bomba la sindano, kisha ingiza uzi wa kusafishia meno ndani ya ufa na uupeleke mbele na nyuma kama msumeno. Ukiona gundi inatokea upande wa pili, imefika.

Banisha kwa uzi wa pamba. Zungusha ukienda juu, kisha rudi chini ukizungusha kwa mwelekeo wa kinyume, ili nyuzi zikatane kama herufi X. Funika kwanza kwa utepe mwembamba wa plastiki usioshika gundi, ule wa mafundi bomba, la sivyo utakaa siku nzima ukichomoa pamba kwenye epoksi. Kaza kiasi cha gundi kutokeza kidogo tu kando. Vaa glavu tangu mwanzo. Epoksi hujenga mzio unaokuja polepole na ukishakuja hauondoki.

Fimbo moja ambayo lazima niitaje peke yake ni ile iliyoshindiliwa resini ya fenoli hadi ndani, kama zile ambazo Orvis, kampuni ya Marekani ya vifaa vya uvuvi, ilianza kutengeneza baada ya Vita Kuu ya Pili. Utaitambua kwa kahawia yake nzito na kwamba haina vanishi juu. Uso wake ni kama plastiki, hainywi gundi. Bila kuukwaruza kwa msasa, hata epoksi itabanduka kama ganda la yai lililochemshwa.

Dalili: uliunga, ukavua mara mbili, ikaachia palepale

Nikiletewa fimbo ya namna hii, nauliza kwanza ilifutwa kwa kitu gani. Dawa za kung'arishia samani na mafuta ya kulainishia mshipi yana silikoni au nta, na vitu hivi vinaingia ndani ya ufa kabla ya gundi. Spiriti kwenye pamba huondoa sehemu kubwa ya mafuta, lakini ijaribu kwanza mahali pasipoonekana: vanishi ya kale ya shelaki inayeyuka kwa spiriti.

Sababu ya pili ni gundi kutofika mwisho wa ufa. Ufa ni kama mchaniko wa kitambaa. Ukishona katikati ukaacha ncha, unaendelea kuchanika kuanzia nchani. Tazama gundi yako mpya ilipoishia. Ikiwa ufa umeanza tena milimita chache mbele yake, gundi yenyewe haina kosa.

Ya tatu ni kubana kupita kiasi. Hapa watu hushangaa, kwa sababu seremala hufundishwa kubana. Epoksi ikibanwa sana inatoka yote na kuacha kiungo kikavu. Ukivunja kiungo kama hicho, kuta zote mbili zinang'aa kidogo lakini hazina unene wowote wa gundi.

Halafu kuna joto. Ndani ya gari lililofungwa juani, joto linaweza kuvuka nyuzi 60, na epoksi nyingi zinazokauka kwa joto la chumbani huanza kulegea karibu na hapo. Gundi ya ngozi iliyopata unyevu haifiki hata huko. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndege za mbao aina ya Mosquito, ambazo mwanzoni ziliunganishwa kwa gundi ya maziwa, zilianza kuachia kwenye nchi za joto na unyevu, na waundaji wakahamia yurea-fomaldehaidi. Ndege ile na fimbo hii zina ugonjwa mmoja.

Dalili: epoksi inanata siku ya tatu

Vipimo vilikosewa au haikuchanganywa vya kutosha. Tazama maelekezo kama yanataka uwiano wa uzito au wa ujazo, kwani hivyo viwili havilingani, na kwa kiasi kidogo kinachotumika kwenye fimbo, tofauti ya matone mawili ni kubwa. Kuzidisha kigumishi hakuharakishi kitu. Kunaacha kigumishi kisicho na mwenza ndani ya gundi, nacho kinabaki laini daima. Changanya dakika nzima, ukikwangua kuta na pembe za kikombe.

Ikiwa vipimo vilikuwa sahihi na chumba kilikuwa baridi, bado kuna matumaini: weka fimbo mahali pa joto la nyuzi 35 hadi 40 kwa saa kadhaa. Ikiwa vipimo vilikosewa, joto halitaokoa. Kwangua, futa, anza upya.

Mimi huacha tone la mchanganyiko uleule kwenye kipande cha kadi kando ya fimbo. Siifungui fimbo mpaka tone hilo, nikilikunja, livunjike kwa mlio. Likijikunja bila kuvunjika, nasubiri.

Dalili: fimbo imejinyonga au kupinda baada ya gundi

Ulizungusha uzi kwa mwelekeo mmoja tu. Epoksi mbichi haina uwezo wa kubisha, uzi ukaigeuza fimbo. Ndiyo maana kabla gundi haijaganda lazima uinue kipande machoni na kutazama kingo zake kama mtu anayelenga shabaha. Ukingo mmoja ubaki upande mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa imenyongeka, igeuze kwa mkono sasa hivi, ilaze juu ya ubao ulionyooka.

Ikishaganda ni shida nyingine. Mwanzi unaweza kunyooshwa kwa moto, lakini joto unalolitaka ni kubwa kuliko lile linalolegeza epoksi au gundi ya ngozi. Kwa mnyongeko mdogo, ningeiacha kama ilivyo. Pete za mshipi zinaweza kufungwa upya zikafuata mstari mmoja, na samaki hatajua.

Dalili: imevunjika, au nyuzinyuzi zimeinuka

Fimbo iliyokatika haiungwi mwisho kwa mwisho, kwa gundi yoyote ile. Kata ncha zote mbili kwa mshazari mrefu, mteremko wake uwe angalau mara 10 hadi 12 ya unene wa fimbo mahali hapo, ukwepe fundo la mwanzi, kisha unganisha kwa epoksi ya polepole na ufunge uzi wa hariri juu yake wote. Hapa kuta ni mpya kutoka kwenye randa, kwa hiyo yurea-fomaldehaidi nayo inakubalika ikiwa mshazari unagusana barabara. Kipande kitapungua urefu. Hakuna namna ya kuepuka hilo.

Kijinyuzi kilichoinuka kwenye ganda, kisichozidi ukucha, ndicho mahali pekee ninaporuhusu supaglu nyembamba: tone moja kwa ncha ya sindano, bonyeza kwa plastiki, kisha uzi juu yake. Nina sababu ya kuweka mpaka huo. Niliwahi kuimimina kwenye ufa wa sentimita nne nikidhani wepesi wake ungenifaa. Ilikimbia chini ya hariri, ikaifanya nyeusi kama iliyolowa mafuta, ikaacha ukungu mweupe juu ya vanishi, na baya kuliko yote, iliziba mdomo wa ufa huku ndani kukiwa wazi. Hakuna gundi nyingine ingeweza kuingia tena. Kuitoa kulihitaji asetoni, na asetoni ilichukua vanishi ya nusu ya kipande.

Mpini, kiti cha rili na pete ya ncha

Mpini wa gome laini, lile la vizibo vya chupa, hauhitaji epoksi. Pete zake zikiunganishwa kwa epoksi, siku ya kupiga msasa gome linakwisha haraka kuliko gundi, na mistari ya gundi inabaki imesimama kama mbavu. Tia gundi ya seremala isiyoogopa maji. Hapa hakuna mzigo wa kuisogeza.

Kiti cha rili kilicholegea hadi kinazunguka kinataka epoksi na uzi wa kujazia, kama feruli. Pete ya ncha, ile ya mwisho kabisa, ishike kwa kijiti cha utomvu wa moto na si kitu kingine. Mshipi unailima mpaka inakuwa na mfereji, itabadilishwa tu, na ncha ya fimbo hapo ina unene wa njiti ya kiberiti: epoksi itadai joto jingi, na joto hilo litaupata mwanzi kwanza.

Fimbo ikishaungwa, iache wiki moja kabla ya kuirudisha mtoni, ikining'inia kwa ncha, isiegemee ukuta. Kisha itikise tena karibu na sikio. Ikinyamaza, andika kwenye kikaratasi aina ya gundi uliyotumia, tarehe, na umbali wa kiungo kutoka mwisho wa mpini, ukitie ndani ya mfuko wa fimbo pamoja na kile kidoti cha pini kama ulikitoa.